Kuitazama Kilwa ya Mwaka 1331 kwa Miwani: Uchambuzi wa Kisa cha Darasa Moja la Historia

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari ya kutwa, pwani ya kusini mwa Tanzania, katika darasa la Kidato cha Pili. Majina ya shule, ya mradi uliohusika na ya watu wote yameondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Yanayohusu Kilwa Kisiwani na historia yake yameachwa yalivyo, kwa kuwa bila hayo kisa hakieleweki.

Mradi mmoja wa elimu ya urithi uliiazima shule miwani nne za uhalisia pepe. Miwani hizo zilikuwa na filamu fupi inayomfanya mtazamaji kuwa msafiri wa wakati: anakabidhiwa chombo, anachagua mwaka, ufuko wa leo unafifia mbele yake, kisha anajikuta amesimama Kilwa ya mwaka 1331. Akigeuza kichwa kulia anaiona bahari, akitazama nyuma anaziona nyumba, na watu wanapita karibu naye kiasi kwamba wanafunzi wengi walisogea pembeni kuwapisha.

Mwaka huo haukuchaguliwa ovyo. Ndio mwaka ambao Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alifika Kilwa baada ya kupitia Mogadishu na Mombasa, wakati wa utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Sultani huyo huyo anahusishwa na jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane juu ya genge linalotazama bahari, na pia na upanuzi wa Msikiti Mkuu. Sarafu zake zipo, na mojawapo imepatikana mbali sana, kwenye magofu ya Great Zimbabwe, katika nchi ya Zimbabwe ya leo. Ni nadra kwa mji wa Afrika Mashariki wa karne ya 14 kuwa na shahidi aliyeuona kwa macho, majengo yanayoweza kupimwa na sarafu za mtawala yule yule, vyote kwa kipindi kimoja. Kama kuna mahali pwani hii ambapo filamu ya namna hiyo ingeweza kutengenezwa kwa uangalifu, ni Kilwa.

Filamu ilikuwa na sehemu tatu: kushuka ufukoni, Sultani kukutana na fakiri baada ya Swala ya Ijumaa, na baraza ndani ya Husuni Kubwa. Sauti ya msimulizi ilikuwa ya Kiswahili sanifu, yenye utulivu na uhakika mwingi.

Mfululizo wa matukio

Mwalimu wa historia aliamua kuanza mada kwa filamu, kabla ya kusoma chochote. Wanafunzi waliingia maktaba wanne wanne, wengine wakisubiri nje na kazi ya kusoma ramani, ambayo kusema kweli haikufanyika. Wawili watatu walipata kizunguzungu wakavua miwani mapema. Waliobaki walitoka wakizungumza kwa msisimko ambao mwalimu hajauzoea katika somo hilo, na hata wale ambao kwa kawaida hukaa kimya walikuwa wakisimuliana nani aliona nini.

Wiki iliyofuata darasa lilipewa swali la insha: kueleza hali ya Kilwa katika karne ya 14 na kutaja ushahidi wa kila hoja. Insha zilikuwa ndefu kuliko kawaida na zenye maelezo mengi, lakini kwenye ushahidi karibu zote zilisema jambo moja: tuliona. Mwanafunzi mmoja, tena miongoni mwa wale hodari, aliandika kwamba hoja zake hazihitaji ushahidi kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwepo. Hakuwa akifanya mzaha. Aliandika hivyo kwa sababu filamu ilimwambia hivyo tangu sekunde ya kwanza.

Mwalimu hakuwarudishia insha hizo zikiwa na alama. Alirudisha filamu, safari hii akiirusha ukutani kwa projekta ili wote watazame pamoja na aweze kuisimamisha. Walipofika kwenye baraza la Husuni Kubwa, mwanafunzi ambaye nyumbani kwao wanauza boriti za mikoko alinyoosha mkono. Ukumbi wa filamu ulikuwa mpana, hauna nguzo hata moja katikati, na dari yake imelala juu ya boriti zilizotoka ukuta hadi ukuta. "Mwalimu," aliuliza, "boriti ya kufika pale ilikatwa wapi?" Mwalimu angeweza kumjibu kwamba hiyo ni filamu tu. Badala yake aliwataka wapime upana wa maktaba kwa hatua, kisha akamwomba mwanafunzi yule aoneshe boriti nzuri ya nyumba huwa na urefu gani. Maktaba peke yake ilikuwa na upana karibu mara mbili ya boriti aliyoionesha, na ukumbi wa filamu ulikuwa mkubwa kuliko maktaba.

Hapo ndipo somo lilipogeuka. Katika magofu ya pwani yote, vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, kwa kawaida havifiki mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba zege la chokaa na matumbawe kwa nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Aliyetaka upana zaidi alilazimika kuweka nguzo, au kujenga tao na kuba. Msanii aliyechora ukumbi ule alikuwa na picha ya jumba la kifalme kichwani mwake, akaiezeka kwa boriti kwa kuwa alijua Waswahili walitumia boriti.

Katika kipindi kilichofuata mwalimu alileta maelezo ya Ibn Battuta kuhusu Kilwa, ambayo si marefu, akayasoma neno kwa neno pamoja na darasa huku wakiyalinganisha na filamu. Tofauti tatu zilijitokeza, na kila moja ilizua mjadala wa aina yake.

Ya kwanza ilihusu nyumba. Filamu ilionesha mji wa mawe mtupu, ilhali Ibn Battuta anausifu mji kwa uzuri na uimara wa ujenzi wake lakini anasema umejengwa kwa mbao na kuezekwa kwa nyasi. Ya pili ilihusu nyuso. Katika filamu, Sultani, wafanyabiashara na watu wa msikitini walikuwa weupe wenye sura za Kiarabu, na weusi walikuwa wapagazi ufukoni. Ibn Battuta anasema wakazi wengi wa Kilwa walikuwa Wazanji, yaani watu weusi wa pwani hii, weusi sana, wenye chale usoni. Ya tatu ilihusu fakiri. Filamu ilionesha fakiri wa Kiyemeni akimwomba Sultani nguo alizovaa, na Sultani akirudi msikitini kuzivua na kumpa papo hapo, kisha picha ikafifia. Ibn Battuta anaendelea: mwana wa Sultani alizichukua nguo zile kutoka kwa fakiri akampa watumwa kumi badala yake, na Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Darasa lilinyamaza. Kisha maswali yakaja kwa wingi, na mengine yakafika nyumbani jioni ile.

Mzazi mmoja alikuja shuleni siku ya pili akiwa na wasiwasi kwamba mwalimu anawafundisha watoto kuidharau Kilwa na dini ya watu wake. Alikuwa mzee wa heshima, naye alizungumza kwa upole: "Mwalimu, filamu ilimwonesha Sultani akitoa sadaka. Sasa wajukuu zangu wanarudi wakisema aligawa watu." Mkuu wa shule hakutaka jambo hilo liishie ofisini. Aliita kikao cha wazazi waliopenda kuhudhuria, na mwalimu akasoma kifungu kile kile mbele yao, bila kuongeza wala kupunguza. Katika kikao hicho mzee mwingine alisema kwamba aibu haipo katika kusoma kilichoandikwa bali katika kukificha, na kwamba ukarimu wa Sultani nao umo katika maandishi hayo hayo. Mzazi aliyelalamika hakusema kwamba ameridhika, lakini aliomba nakala ya kifungu hicho aende kukisoma mwenyewe.

Hatua ya mwisho ilikuwa safari ya mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Nahodha mzee aliyewavusha alioneshwa sehemu ya ufukoni kwenye simu ya mwalimu. Alitazama mara moja akasema jahazi lile ni la misumari na lina tezi, yaani sehemu ya nyuma, pana na bapa, jambo ambalo si la kale. Mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Alikuwa sahihi. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza vyombo vya Bahari ya Hindi kuwa vya kushonwa kwa kamba, na tezi bapa ilikuja baada ya vyombo vya Ulaya kuingia katika bahari hii.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuanza na filamu ulitokana na sababu inayoeleweka: mwalimu alitaka hamu itangulie maandishi. Hamu ilitangulia kweli, lakini picha nayo ilitangulia, na kila kilichosomwa baadaye kilipimwa kwa picha hiyo badala ya picha kupimwa kwa maandishi.

Uamuzi wa kutoiacha filamu baada ya dosari kugunduliwa ulikuwa mgumu zaidi, na ndio ninaouthamini kuliko yote. Baadhi ya walimu wenzake walishauri miwani zirudishwe. Yeye alisema kwamba wanafunzi hawa watakutana na picha za namna hii maisha yao yote, nyingine zikitengenezwa kwa dakika chache na kompyuta, na kwamba ni afadhali wajifunze kuzihoji wakiwa na kisiwa chenyewe mbele ya macho yao.

Mwalimu pia alitengeneza jedwali lenye safu tatu: kilichopo ardhini, kilichoandikwa na kilichobuniwa. Kila kitu kilichoonekana kwenye filamu kilipaswa kuingizwa katika safu mojawapo. Sababu yake ilikuwa kuwalazimisha wanafunzi wasimame kwenye kila kitu, badala ya kuipokea picha nzima kwa mkupuo.

Mratibu wa mradi aliombwa kurekebisha filamu. Alikubali dosari zote bila ubishi, lakini alieleza kwamba bajeti ya utengenezaji ilikuwa imefungwa na studio ilikuwa nje ya nchi. Kilichowezekana ni karatasi ya maelezo ya kuambatana na miwani, ambayo mwalimu aliiandika na mradi ukaigawa kwa shule nyingine.

Matokeo

Insha za pili zilikuwa fupi kuliko za kwanza, na bora zaidi. Wanafunzi walitaja magofu, sarafu na maandishi, na baadhi walijaribu kueleza kwa nini ushahidi mmoja unapingana na mwingine. Kuhusu nyumba za mbao na za mawe, kundi moja lilipendekeza kwamba Ibn Battuta aliona nyumba za watu wengi, ambazo zilikuwa za miti na udongo, na kundi jingine likakumbusha kwamba alisimulia safari zake Fez zaidi ya miaka 20 baadaye, na mwingine ndiye aliyeziandika. Hoja zote mbili zina msingi kihistoria, na wanafunzi wa Kidato cha Pili waliofika hapo kwa akili zao wanastahili pongezi.

Lakini lilizuka pia jambo ambalo halikutarajiwa. Kikundi cha wanafunzi kiliacha kuamini chochote. Kwao, kwa kuwa ukumbi ulikuwa wa kubuni na jahazi la kubuni, basi Sultani naye huenda ni wa kubuni, na Ibn Battuta huenda hakufika. Walipofika Husuni Kubwa na kusimama kwenye ukingo wa lile bwawa la pembe nane, mmoja wao aliuliza kama nalo halikujengwa na wazungu kwa ajili ya watalii.

Uchambuzi

Kosa la ukumbi mpana si kubwa lenyewe. Kubwa ni kwamba ukumbi ule ulimulikwa kwa mwanga ule ule uliomulika msikiti. Mchoro una fremu, kitabu kina jina la mwandishi kwenye jalada, na magofu yenyewe yanaonesha mahali ukuta ulipovunjika. Miwani hazina mpaka wowote. Kila mahali unapogeuza kichwa pamejazwa, kwa sababu teknolojia hiyo hairuhusu pengo. Mtengenezaji asiyejua dari ilikuwaje analazimika kuweka dari. Mwanahistoria anapofika mahali asipojua, anaweza kunyamaza. Filamu ya namna hii haiwezi, na mtazamaji hana njia ya kutambua ni wapi mtengenezaji alipaswa kunyamaza.

Ndiyo maana hadithi ya msafiri wa wakati, ambayo ilionekana kuwa pambo la utangulizi tu, ndiyo iliyoleta madhara makubwa zaidi katika kisa hiki. Ilimwambia mtoto kwamba anashuhudia. Angeambiwa kwamba anatazama kazi ya watu waliojaribu kukisia kwa kutumia vipande vilivyobaki, picha zile zile zingemfundisha jambo tofauti kabisa, na msisimko usingepungua hata kidogo.

Nyuso za watu zinahitaji kusemwa waziwazi. Watoto weusi wa pwani walivaa miwani wakaona mji wa mababu zao ukiwa na watawala wasiofanana nao na wapagazi wanaofanana nao, na hakuna hata mmoja aliyeshangaa mpaka maandishi yaliposomwa. Kwamba watu wa miji ya Waswahili walikuwa na nasaba zilizochanganyika, za Kiafrika na za Uajemi, ni jambo ambalo uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo, umelithibitisha. Lakini kuchanganyika huko si kugawanyika kwa mabwana weupe na wapagazi weusi, na shahidi aliyekuwepo aliandika kinyume cha picha hiyo. Kosa hili halikutokana na ukosefu wa ushahidi. Ushahidi ulikuwepo, katika kifungu kile kile ambacho filamu ilikitumia kupata kisa cha fakiri.

Kukata watumwa katika kisa hicho ni jambo jingine tena. Mtengenezaji alikuwa na maandishi mbele yake akachagua sehemu inayopendeza. Huenda alifanya hivyo kwa kuwafikiria watoto, na nia hiyo siidharau, lakini matokeo yake ni kwamba Sultani alibaki mkarimu wa nguo tu na biashara ya watu ikatoweka katika mji uliokuwa nayo. Mkuu wa shule alifanya jambo la busara alipoupeleka mjadala huo kwa wazazi badala ya kuuzima. Angeuzima, kifungu kile kingebaki siri ya mwalimu, na mzazi aliyelalamika asingepata nafasi ya kukisoma kwa macho yake.

Jedwali la safu tatu lilifanya kazi nzuri na pia ndilo lililozaa wale waliokataa kila kitu. Safu ya tatu ilibeba vitu visivyolingana. Iliwekwa humo rangi ya mbuzi aliyepita ufukoni, ambayo ni pambo tupu. Yaliwekwa humo pia miavuli ya hariri iliyokuwa juu ya Sultani, na hiyo ni habari nyingine. Ibn Battuta hasemi kwamba Sultani wa Kilwa alitembea chini ya miavuli, lakini anaieleza Mogadishu, katika safari hiyo hiyo, ambako mtawala alitembea chini ya miavuli minne ya hariri yenye ndege wa dhahabu juu yake. Aliyeichora Kilwa aliiazima kutoka mji jirani wa zama zile zile, na huo ni ukisiaji wenye msingi. Mwanafunzi aliyeona mbuzi na mwavuli vimewekwa safu moja alihitimisha, na hakukosea sana kwa jinsi jedwali lilivyokuwa, kwamba vyote ni uongo. Safu nne zingefaa zaidi, moja ikiwa ya vitu vilivyokisiwa kwa kufuata ushahidi wa jirani, na kila kinachoingia humo kiandikwe kimetoka wapi.

Safari ya kisiwani ilisaidia kuliko nilivyotarajia, ingawa si kwa kila mtu. Wanafunzi waliuliza kwa nini Gereza, ngome inayopokea kila mgeni anayeshuka ufukoni, halikuwemo kwenye filamu, wakadhani ni dosari nyingine. Hapo filamu ndiyo ilikuwa sahihi: Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, na sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya enzi ya Waomani. Ilikuwa muhimu kwamba darasa likute mahali ambapo filamu ilisema kweli na macho yao ndiyo yaliyowadanganya. Kwa yule aliyetilia shaka bwawa, kilichomrudisha kidogo hakikuwa maelezo ya mwalimu. Ni vipande vya vyungu alivyoviona vimechomoza kwenye udongo njiani, ambavyo hakuna aliyekuwa amemtayarishia.

Mpaka wakati wa kuandika uchambuzi huu, sehemu ya ukumbi wa baraza haioneshwi tena katika shule hiyo isipokuwa kama zoezi la kutafuta makosa, na filamu hutazamwa baada ya kusoma, kamwe si kabla. Sehemu ya msikiti bado inatumika, ingawa nayo ina tatizo ambalo karatasi ya maelezo imelitaja kwa kirefu: upanuzi wa kusini wa wakati wa al-Hasan bin Sulaiman ulianguka, ukajengwa upya katika karne ya 15, na nguzo na kuba nyingi anazoziona mgeni leo ni za ujenzi huo wa pili. Filamu ilinakili magofu ya leo ikayaita ya mwaka 1331. Mwalimu huisimamisha hapo, na kuwapa wanafunzi ramani ya msikiti yenye vipindi vya ujenzi, waoneshe kwa kalamu ni wapi Ibn Battuta angeweza kusimama na ni wapi bado palikuwa hapajajengwa jinsi panavyoonekana.